Dinari za Chungu Kimoja

Jumamosi, 15 Februari

Leo sina zamu. Mume wangu Hamza kaenda kutengeneza gari. Nimetandaza kitambaa cheusi juu ya meza ya kulia, nimetoa trei ya sarafu zangu. Kuzing'arisha sizing'arishi. Watu hudhani ndiyo kazi yetu. Fedha ya kale ukiisugua umeiua. Mimi naishika kwa ukingo, naigeuza, naitazama, naweka karatasi mpya chini yake, naiacha ilale.

Zote ni dinari za Kirumi. Ndogo, hakuna inayozidi kifungo cha koti. Zuhura anasema zinafanana. Binti yangu, mtoto wa chuo, hajui anachosema.

Wa mwisho kurudi kwenye trei ni Bibi. Jina nimempa mimi. Mke wa Kaisari mmojawapo, uso wa upande, shingo ndefu, nywele zimesukwa kwenda nyuma na kufungwa fundo kisogoni. Msuko wa twende kilioni kabisa. Siku nilipomwona kwenye maonyesho ya sarafu, hotelini kule Springfield, nilicheka peke yangu mbele ya muuzaji. Karne zote hizo, na mtu kasukwa kama shangazi yangu wa Tabora. Nikamnunua papo hapo. Ni mweusi wa bluu, na mgongoni ana doa la kijani, maana alikaa kwenye chungu chenye kifuniko cha shaba. Nyuma ya shingo mtu wa zamani alimkwaruza alama ya X. Juu ya kichwa ukingo una ufa. Wengine wanaita kasoro. Mimi ndiyo ninayompendea.

Katoka kwenye hazina. Ndivyo tunavyoita fedha zilizofukiwa pamoja na aliyezifukia asirudi. Vita, au homa. Alichimba shimo, akasema atarudi. Nikimshika Bibi namfikiria mtu huyo, Kaisari simfikirii kabisa.

Nguo za kufua zimejaa. Basi.


Jumatano, 19 Februari

Kutoka maabara moja kwa moja hadi Springfield. Foleni barabara kuu ya 270, foleni tena barabara ya mzunguko, Beltway. Nimefika nimechoka kama mzigo.

Mzee Curtis kapika maharage ya nazi. Yameungua chini kwa sababu haoni ndani ya sufuria. Macho yake yana giza katikati, pembeni ndipo panapoona. Daktari kasema hayatarudi. Akitaka kuuona uso wangu anatazama sikio langu. Nimezoea.

Nimekula yote.

Ndiye aliyenifundisha dinari. Mmarekani mweusi, mwalimu wa hesabu mstaafu, mjane. Kiswahili alikisoma chuoni ujanani, kisha akafundisha Mbeya miaka miwili. Kiswahili chake kimevaa tai hadi leo. "Karibu sana, Bi Mwasiti. Nimekungojea kwa hamu kubwa." Hata akiniomba chumvi anaomba hivyo. Nilikutana naye kwenye chama chetu cha wakusanya sarafu nikiwa sijui lolote, akanipa kiti karibu naye.

Baada ya kula tumetoa trei yake. Zaidi ya arobaini, zote weusi ule ule wa bluu, zote na ukijani. Chungu kimoja. Muuzaji wetu alikuwa akizileta chache chache, mwaka hadi mwaka, na Mzee akizichukua zote. Bibi tu ndiye niliyemuwahi mimi. Anasema watu walizitawanya, yeye anazikutanisha. Siku hizi anazijua kwa kidole gumba. Anapapasa ndevu, taji, mkunjo wa nguo, anataja ni ipi. Hakosei.

Leo kaniambia akifa trei ije kwangu. Sharti moja, nisizitenganishe. Nimemwambia aache maneno ya kifo. Lakini njiani kurudi nimefurahi. Nimejionea aibu jinsi nilivyofurahi.


Jumanne, 25 Februari

Niandike taratibu.

Kikao cha chama, chumba cha chini cha maktaba, Arlington. Sikumpitia Mzee. Nilitoka kazini nimechelewa na yeye haendeshi tena. Alhamdulillahi hakuwepo.

Mgeni wa leo ni Bi Radka. Mama wa makamo, koti la kijivu, miwani kwenye kamba. Anatunza makumbusho ya mji mdogo nchini Bulgaria, yuko hapa kwa masomo hadi mwisho wa Machi. Makumbusho yenyewe ni vyumba viwili. Kaeleza mkulima mmoja alivyokuwa akichimba mashimo ya mizabibu, jembe likagonga chungu. Dinari mia na zaidi. Angeweza kuziuza. Alizitia kwenye ndoo, akafunika kwa gunia, akazipeleka makumbusho kwa baiskeli. Wakamwekea kabati la kioo na jina lake juu.

Kisha wezi wakavunja dirisha. Wakachukua zote.

Akaanza kuonyesha picha ukutani, moja moja, kama mtu anayeonyesha picha za watoto wake. Ya nne au ya tano alikuwa Bibi.

Mkubwa kama mlango. Ufa juu ya kichwa. X nyuma ya shingo. Nikasikia masikio yameziba. Baada yake akaja Kaisari mwenye ndevu za kupinda, ambaye Jumatano iliyopita alikuwa kwenye kiganja cha Mzee Curtis. Kisha mwingine. Kisha mwingine. Nawajua wote.

Mtu akauliza kama kuna zilizopatikana. Bi Radka akasema, "Hata moja."

Watu wakapiga makofi. Mimi pia nikapiga. Nikala biskuti. Nikamuuliza Bi Radka kama kwao kuna baridi kuliko huku. Mwoga mkubwa.


Jumatano, 26 Februari

Nimempigia yule muuzaji. Namba haipatikani. Kwenye maonyesho hajaonekana tangu mwaka juzi, sasa najua sababu. Au najidai kujua.

Bibi yuko kwenye trei. Sijamgusa.


Jumamosi, 1 Machi

Ramadhani mosi. Kichwa kinauma, si kwa njaa.

Nimemwambia Hamza. Alikuwa anakata vitunguu vya futari. Kasikiliza hadi mwisho bila kuinua kichwa, kisha kasema cha mtu ni cha mtu, na kwamba nimwambie Mzee mapema kabla hajasikia kwa wengine. Zuhura kadakia kwa Kiingereza chake kwamba jambo lenyewe ni rahisi, nimwandikie tu yule mama. Nikamkaripia. Rahisi kwake. Hana anachopoteza.

Ukweli ni kwamba nimetafuta njia ya kutokea wiki nzima. Nilinunua kwa haki. Sikujua. Wao zimewapotea mia, mimi nina mmoja tu. Nikimrudisha Bibi wataniuliza nilimnunua wapi na nani mwingine alinunua. Nikinyamaza, Mzee atakufa akiwa na furaha yake, na trei itakuja kwangu.

Nimeandika sentensi hiyo nikaona ilivyo mbaya. Naiacha.

Kisha nimemkumbuka mjusi. Yule dinosaria mkubwa wa Tendaguru, mifupa yake iko Ujerumani. Tulimsoma shule ya msingi. Mwalimu alichora ubaoni, akasema huyu ni wetu, wamemchukua. Tangu nimefika nchi hii nimemtetea mjusi kila penye Wazungu na chakula. Kazini, harusini, kwenye chama hicho hicho cha sarafu. Arudi kwao, arudi kwao. Leo wa kwangu kalala kwenye trei, kasukwa nywele.

Nimefunga tangu alfajiri na nina mali ya wizi chumba cha kulia.


Jumapili, 2 Machi

Nimemwambia.

Nilimkuta amefurahi, kaninunulia tende kwa ajili ya futari. Hilo limenifanya niseme haraka, kabla ya kukaa. Nimesema yote. Chungu, ndoo, dirisha, picha.

Alitafuta kiti, akakaa. Kisha akauliza kama nina hakika. Nikamwambia nazijua dinari zake kama ninavyoujua mkono wangu. Akauliza kama nimekwisha mwambia yule mama. Nikasema bado.

"Basi usimwambie."

Nikasema mimi Bibi namrudisha.

"Bibi ni wako, fanya upendavyo. Hizi ni zangu." Akaweka kiganja juu ya trei. Halafu sauti ikapanda. Sijawahi kuisikia hivyo. "Makumbusho ya Ulaya yamejaa vitu vya Afrika. Vichwa vya watu, Bi Mwasiti! Vichwa vya babu zetu vimo kwenye makabati. Wamevirudisha? Na leo, katika watu wote wa dunia, anayetakiwa kurudisha kwanza ni mimi? Mtu mweusi, kipofu, wa Springfield?"

Nilisema hawa si wale, hawa ni vyumba viwili na mkulima mmoja.

"Na mimi ni chumba kimoja na mtu mmoja," akasema. "Tafadhali nenda nyumbani kwako."

Kwa adabu ile ile. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Tende nimeziacha mezani.


Jumatano, 5 Machi

Hapokei simu.


Ijumaa, 7 Machi

Hapokei. Nimemtumia ujumbe, umesomwa. Anao ule mtambo unaomsomea kwa sauti. Kwa hiyo kasikia maneno yangu yakisomwa na mashine. Nina hasira naye. Nina hasira zaidi kwa sababu ana haki nusu.

Maabara leo nusura nibandike jina la mgonjwa mmoja kwenye chupa ya mwingine. Mwenzangu kaniwahi. Nikaenda kuosha uso.


Jumatatu, 10 Machi

Mgahawa karibu na kituo cha treni, Arlington. Bi Radka alifika kabla yangu na kikombe cha chai. Nilipokataa kinywaji mara ya pili akaelewa. Kwao wapo Waislamu, akasema. Akakisogeza kikombe pembeni na hakukigusa tena hadi tunaachana. Kitendo kidogo. Nilitaka kulia.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yalipotea. Nikatoa kiboksi, nikamfungulia Bibi, nikamsukumia.

Akavaa miwani. Akaziba mdomo kwa mkono, nikadhani analia, kumbe anacheka. Akasema huyu alikuwa safu ya juu, wa tatu kutoka kushoto, na watoto wa shule walipenda kubishana kama ule mkwaruzo ni X au ni ndege. Akamgeuza, akaona doa la kijani. Hapo ndipo machozi yakamtoka.

Kasema yule mkulima bado yuko hai. Kila Jumapili alikuwa anakuja kuziangalia, anavua kofia kama kanisani. Baada ya wizi wakadhani ataacha. Hakuacha. Anakuja, anasimama mbele ya kabati tupu, anavaa kofia, anaondoka. Wamemwambia akae nyumbani, miguu yake mibovu. Anawajibu kwamba yeye ndiye aliyezitoa ardhini, kwa hiyo ni jukumu lake.

Kisha akaniuliza, kwa upole sana, kama najua zilipo nyingine.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ulikuwa mfupi, mwepesi. Nikasema, "Najua. Sitasema zilipo. Mwenyewe ndiye atakayesema."

Akanitazama. "Ni mtu mbaya?"

"Ni mtu bora kuliko mimi."

Hakuniuliza tena. Angeweza kuita polisi. Hakunitisha hata kwa jicho. Tukaandikiana ninavyomkabidhi Bibi, tukaagana.

Nimepanda gari mikono mitupu. Nimekaa kwenye maegesho muda mrefu.


Jumanne, 11 Machi

Nimemrekodia Mzee Curtis ujumbe wa sauti. Sikutaka mashine imsomee tena. Sikumwomba kitu. Sikumtaja mjusi wala haki. Nimemweleza tu habari za mkulima. Baiskeli, ndoo, gunia. Kofia. Kabati tupu na Jumapili zake.

Nimemwambia pia kwamba nimesema najua mtu, na jina sikulitaja, na sitalitaja. Hata kama hatanisemesha tena maisha yake yote.

Trei yangu ina pengo. Nimesogeza nyingine kuliziba. Nikaona ni upuuzi, nikazirudisha zilipokuwa.


Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda Springfield bila kualikwa. Nimegonga. Gari la zamani lipo, pazia limefungwa, redio inasikika ndani. Nimegonga tena. Redio ikazimwa. Mlango haukufunguliwa.

Nimeacha sambusa kwenye ngazi. Jirani yake, mama wa Kikongo ambaye husalimiana nami kila nikija, alikuwa anamwaga chumvi ya kuyeyusha barafu mlangoni kwake. "Mama, pole. Muzee haiko muzuri. Haile bien." Yaani hali chakula vizuri. Nikamwomba amwangalie. Kasema anamwangalia kila siku, hata mimi nisiposema.

Nimelia barabarani hadi karibu na mto. Inatosha.


Alhamisi, 20 Machi

Simu imeita wakati nafunga koti la maabara. Yeye.

Hakusalimu. Kwa mtu yule, kutosalimu ni kama kuvua shati hadharani. Akauliza, "Mkulima huyo ana umri gani?"

Nikasema sijui hasa, ni mzee, ana miguu mibovu.

"Je, anaona?"

Nikasema nadhani anaona.

Nikasikia saa yake ya ukutani. "Njoo Jumamosi," akasema. "Uje na macho yako." Kisha, kama aliyekumbuka adabu yake: "Tafadhali. Na sambusa zilikuwa nzuri mno."


Jumamosi, 22 Machi

Siku nzima Springfield. Nilitaka kuandika yote, sitaweza.

Alikuwa amevaa shati jeupe. Trei mezani, taa ya mkono, viti viwili. Alitaka nimsomee kila moja kabla hazijaondoka. Anasema kidole kinajua umbo, rangi hakijui. Basi nikawa nachukua moja, namweleza. Huyu weusi wake umeingia samawati kwenye shavu. Huyu ana ukijani kama ukoga. Huyu jicho limefutika. Huyu anacheka, au fundi alikuwa mlevi. Nikimaliza nampa, anaipapasa, anaiweka kwenye kiboksi ambacho nilimtengenezea vitundu vya sponji.

Hatukuharakisha. Mahali pengine alinisahihisha. Mahali pengine nilimsahihisha, akakubali.

Katikati ya kazi alishika moja, hakuiweka. Kaisari kijana, hana ndevu. Akasema hii ndiyo ya kwanza. Aliinunua juma lile alipomzika mkewe, Loretta. Alitoka nyumbani kwa sababu wageni wote walikuwa wameondoka na nyumba ilikuwa kimya mno, akaingia hotelini kwa sababu palikuwa na bango na watu. Muuzaji alimwambia, zipo nyingine za chungu hiki, zitakuja. "Nikapata kitu cha kungojea," akasema. "Unaelewa, Bi Mwasiti? Kila mwaka kulikuwa na kitu kinachokuja."

Nikamwambia naelewa.

"Uliponiambia ni za wizi, sikusikia dinari. Nilisikia miaka yangu yote ni ya wizi."

Nimemshika mkono. Hatujawahi kushikana mikono zaidi ya salamu. Mkono wake mkavu, baridi.

Baadaye akasema bado anaamini alichosema kuhusu vichwa vya babu zetu. Nikasema na mimi naamini. Akasema, "Wakikataa wao, haimaanishi nami nikatae. Ningefurahi kama ingemaanisha hivyo." Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu lile balaa lianze.

Ile ya Kaisari kijana ndiyo iliyoingia mwisho. Aliiweka mwenyewe. Vidole vilikawia, lakini aliiweka.

Magharibi ilipoingia alinipa maji na tende. Zile zile za siku ile, alizitunza.


Jumatano, 26 Machi

Ubalozi wa Bulgaria, na Bi Radka na mwanasheria kijana wa ubalozi. Mzee kavaa suti ya kaki na tai. Nimemshika kiwiko kwenye ngazi. Kaanza kwa Kiingereza kizuri sana, kasimulia alivyozipata, kamtaja muuzaji, hakujitetea. Bi Radka akataka kumshukuru, akashindwa. Akamkumbatia tu. Mzee akasimama wima kama mwanajeshi, kisha naye akamkumbatia.

Kisha kazi. Bi Radka na picha zake, dinari moja, picha moja. Hii yetu. Hii yetu. Glavu nyeupe. Meza ilijaa. Nilikuwa nahesabu pumzi za Mzee.

Karibu na mwisho akasita. Akaangalia moja mbele na nyuma, akatafuta picha, akarudia. Akaiweka kando. Kisha nyingine kando. Mwisho zikawa tatu.

"Hizi si zetu," akasema.

Mzee akageuza sikio. Akamuuliza kama ana hakika.

"Ningefurahi zingekuwa zetu. Lakini sizo. Hata ukijani wake si wa asili. Mtu kaupaka."

Akazirudisha kwenye kiganja cha Mzee, akamfunga vidole. Mzee akauliza ni za nani basi. Bi Radka hajui. Mwanasheria hajui. Mimi sijui.

Garini Mzee alizishika zile tatu kiganjani hadi makutano ya Springfield. Magari yamesimama pande zote. Ghafla akaanza kucheka. Akacheka hadi akavua miwani. "Bi Mwasiti! Yule mwizi alinidanganya hata katika wizi wake!"

Tumecheka kama wehu. Dereva wa lori pembeni ametushangaa.


Jumapili, 30 Machi

Idi. Tumeswali, tumerudi, pilau. Zuhura kaenda kumchukua Mzee Curtis. Walipofika nilisikia sauti ya mwanangu ngazini, anasema Kiswahili. Kiswahili! Kimevunjika, hakina ngeli, lakini ni Kiswahili. Kumbe Mzee kamwambia Kiingereza hakisikii vizuri siku za sikukuu. Zuhura akimjibu kwa Kiingereza, Mzee anatazama dirishani.

Bi Radka kaondoka jana. Kanipigia kutoka uwanja wa ndege. Ameniuliza kama kwenye kabati aandike majina yetu chini ya jina la mkulima. Mzee kasema jina lake lisiandikwe, yeye hakuchimba kitu. Nami nimesema hivyo hivyo.

Hamza kala sahani tatu. Nyumba inanuka bizari. Nina furaha. Imenishangaza.


Jumamosi, 26 Aprili

Maonyesho ya sarafu, hoteli ile ile. Mzee ndiye aliyetaka twende. Nilidhani anataka kununua.

Tumepita meza kwa meza, kanishika bega. Nikiona dinari nzuri namweleza, anaomba kuishika, anaipapasa ukingo kwa ukingo. Kisha anamuuliza muuzaji, kwa upole, ilitoka wapi. Mmoja alisema Ulaya. Mmoja alisema mkusanyiko wa zamani. Mmoja alikasirika. Mzee anashukuru, anairudisha, tunasogea.

Meza ya mwisho alikuwepo mama mmoja mwenye nywele nyeupe, anauza vitu vichache tu. Mzee akauliza swali lake. Yule mama akavuta pumzi, akasema kusema kweli hajui, marehemu mumewe hakumwambia na yeye hakuuliza, na sasa hulala akijiuliza. Mzee akavuta kiti akakaa. Wamezungumza muda mrefu, yeye na huyo mama, kuhusu mume na kuhusu Loretta. Sarafu ilikuwa mezani kati yao, hakuna aliyeishika. Mimi nikaenda kutafuta kahawa.

Tumerudi bila kununua kitu. Mvua nyepesi, miti imeanza kuchipua kando ya barabara. Mzee kalala kabla hatujafika kwake, mdomo wazi, kofia magotini. Sikumwamsha. Nimezunguka mtaa mara moja zaidi, polepole, halafu nikaegesha.